Gari Iliyofundishwa Kukataa

Japuonj,

Bado nakuita hivyo, mwalimu, kwa sababu mdomo umezoea. Nimejaribu kuandika "Mzee Ogola" hapo juu nikaona kama naandikia chifu. Basi kaa na jina lako la zamani kwa leo. Usifurahi nalo sana.

Sikuandikii kukusalimia. Nakuandikia kwa sababu umeanza kumjia mke wangu usingizini. Mara ya kwanza Atieno alisema ulisimama tu mlangoni na ovaroli yako ya buluu, ukaondoka. Mara ya pili ulimwita "nyathina", mtoto wangu, ukamtazama tumbo ukacheka. Aliniambia mambo hayo akiwa na furaha. Ana mimba, imeshakuwa kubwa, na unajua kwetu inamaanisha nini marehemu akimjia mwanamke mjamzito akamtazama tumbo. Unataka jina. Mama yangu naye akasema hakuna haja ya kuhangaika, mtoto ameshapata mtu wake, ataitwa Ogola. Nyumba nzima ikakubali. Mimi peke yangu ndiye sikufungua mdomo, na wakadhani ni uchungu wa kukukosa.

Ni uchungu, ndiyo. Lakini si huo waliodhani.

Tuanze na mazishi yako, maana wewe hukuyaona. Siku ya kukutoa mochari Homa Bay, wanao walisema haiwezekani Ogola abebwe na gari ya kukodi na pikapu yake iko uani. Wakaiosha, wakaifunga matawi. Ilipowashwa ikaanza kutetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, mguu ukitoka kwa mafuta inazima. Mafundi wote wa Rodi Kopany walikuwa pale, nusu yao umewafundisha wewe mwenyewe, na kila mmoja aliingiza kichwa chini ya boneti akatoka akikitikisa. Mwishowe ulibebwa na gari ya watu. Wazee wakasema ile pikapu inamlilia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimetoka Migori asubuhi hiyo, na niliposikia hivyo nililia mpaka mtu akanishika bega. Machozi yale, Japuonj, kama yangekuwa yanarudishwa ningeyadai.

Unakumbuka nilivyokuja kwako. Sikuwa na baba, sikujua hata spana inashikwa upande gani. Ulinipa kazi ya kuosha vyuma na petroli pale kibandani kwako Rodi, halafu siku moja ukaniambia acha hiyo, njoo usikilize. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yako, kusikiliza. "Usiguse kitu kabla hakijakuambia kinaumwa wapi." Gari inayomisi, ile ambayo silinda moja imegoma na nyingine tatu zinaivuta, ulinifundisha kuitafuta kwa kuchomoa waya za plagi moja moja injini ikinguruma. Ukichomoa waya na sauti ikaharibika zaidi, silinda hiyo ilikuwa kazini. Ukichomoa na injini isijali, mgonjwa ndiye huyo. Hapo unaangalia moto, halafu unaangalia mafuta. "Moto ukiwa mzuri na mafuta yakiwa safi, gari haina sababu ya kukataa." Siku moja nilikuuliza, na hewa je? Ukacheka, ukasema hewa ni ya Mungu, imejaa kila mahali, fundi haihangaikii. Niliyabeba maneno hayo kama mstari wa Biblia.

Watu walikuwa wakiniuliza kama mimi ni mwanao, nami sikuwa nakanusha haraka.

Sasa ile siku ya mvua. Labda huko uliko mtu anaruhusiwa kusahau, lakini mimi nitaisema. Atieno alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Uchungu ulimshika baada ya chakula cha mchana, na mkunga wa pale kijijini alimgusa akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Homa Bay, na upesi. Gari ya karibu ilikuwa yako. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilimwambia Atieno vumilia, tunaenda kwa Japuonj, ni kama tumeshafika. Tulimfunika nailoni tukamshika huku na huku mpaka kwako.

Ulitoka ukamshika mkono, ukamwambia pole nyathina. Mke wako, Mama Rosa, akamweka barazani. Ukaingia ndani ya pikapu ukaiwasha, ikatetemeka, ikazima. Ukawasha tena, ikazima tena. "Owuor, unaona? Leo imeamka vibaya. Ikizima kule chini kwenye matope, mke wako atazalia barabarani. Hapa angalau kuna wanawake." Nilikuomba uniachie kidogo niiangalie. Ukasema angalia.

Nikaangalia. Nilichomoa waya moja moja vile ulivyonifundisha, na ilikuwa silinda ya nne, ile ya mwisho kule karibu na dereva. Nikatoa plagi nikailaza juu ya injini, moto ukaruka wa buluu, mzuri kabisa. Nikabadilisha plagi hata hivyo. Nilidhani ni maji ya mvua yameingia kwa distributa inayogawa moto, nikavua shati nikapangusa kila mahali. Mafuta yalikuwa yanafika. Hakuna kilichobadilika. Nyuma yangu nilimsikia Atieno barazani, ameshika nguzo, analia kwa ile sauti ya chini ya mtu ambaye hataki kukusumbua. Na wewe muda wote huo ulikuwa umekaa kwenye kiti cha dereva, mlango umeufunga kwa sababu ya mvua, ukikanyaga mafuta nikisema kanyaga na kuacha nikisema acha. Ulikuwa msaidizi mzuri sana siku hiyo.

Mwishowe ulishusha kioo ukasema, "Tafuta mkokoteni, kijana. Imenishinda hata mimi."

Ng'ombe walituvuta mpaka barabara kubwa, na hapo lori la mahindi likatuchukua. Mtoto alikuwa wa kiume. Hakulia. Muuguzi alituambia kwa upole kwamba alikuwa amechoka kusubiri, na sijui kama alijua anasema nini, lakini neno hilo limekaa na mimi tangu siku hiyo. Tulimzika kando ya nyumba bila jina, vile watoto wa hivyo huzikwa, bila watu na bila matanga.

Kisha ukaja kututembelea. Ulikuja na pikapu hiyohiyo, inanguruma kama cherehani mpya. Nilikusindikiza ulipokuwa unaondoka, nikakuuliza shida ilikuwa nini. Ukanitazama machoni. "Kondensa," ukasema. "Kitu kidogo hivi," ukanionyesha na kidole.

Japuonj, nilijua kondensa inahudumia moto wa silinda zote, ikiharibika inazisumbua zote. Haichagui ya nne ikaacha wenzake. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ni wewe uliyesema, na mwanafunzi atamwambia nini mwalimu wake? Nikaona heri nitilie shaka akili yangu kuliko mdomo wako. Nikaenda nyumbani nimejaza kichwa kitu kimoja, kwamba mimi, fundi mzima, nilisimama mbele ya injini mke wangu akilia, na kitu cha ukubwa wa kidole kikanishinda, na mtoto wangu akafa.

Watu nao walikuwa na midomo. Sokoni Rangwe nilisikia mtu akisema fundi gani huyo, gari ilimshinda siku ya mkewe. Ndiyo sababu nilihamia Migori, si kwa ajili ya biashara vile nilivyokuambia. Na kule kila gari iliyokuja inamisi, kabla sijaangalia kingine chochote, nilibadilisha kondensa. Kila gari. Wakaniita Fundi Kondensa, na mimi nikicheka nao. Usiku sikuwa nacheka. Atieno ndiye alikuwa ananituliza. Alikuwa akisema, "Usijilaumu, baba. Hata Japuonj mwenyewe ilimshinda." Unasikia alivyokuwa anakutumia? Wewe ndiwe ulikuwa dawa yetu.

Baada ya mazishi, matanga yalipoisha, Mama Rosa alinitumia mtu. Alisema wengine wote wameshindwa na gari ya mzee, na yeye anataka ifanye kazi, si kukaa uani ikifugia kuku. Nikaja na kondensa mpya mfukoni. Ndiyo, cheka. Niliifunga hiyo kwanza, na gari ikaendelea kutetemeka vilevile.

Basi nikaanza upya, polepole, bila mvua na bila mtu kulia nyuma yangu. Waya moja moja. Silinda ya nne. Ileile ya siku ya mvua, lakini nikasema labda ni ugonjwa wake wa zamani. Moto mzuri. Mafuta safi. Nikaziba tundu la plagi na kidole gumba nikamwambia mtu azungushe injini, pumzi ikanisukuma kidole kwa nguvu, kwa hivyo ndani pia ilikuwa nzima. Halafu nikaitazama ile plagi. Ncha yake ilikuwa nyeupe, imekauka kama mfupa, na zile nyingine tatu zilikuwa na rangi ya kahawia kama inavyotakiwa.

Wewe hukunifundisha kusoma weupe huo. Alinifundisha fundi mmoja Mkuria kule Migori, mtu wa maneno machache. Plagi ikiwa nyeupe hivyo, alisema, kuna hewa inaingia mahali haikualikwa. Hewa, Japuonj. Ile ya Mungu.

Alinifundisha pia jinsi ya kuitafuta. Unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine unaitembeza taratibu kando ya lile bomba la chuma linalogawia silinda hewa na mafuta. Nikatembeza. Silinda ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya. Ya nne, kwa chini, upande ambao jicho halifiki, nikasikia kitu kinafyonza, kama mtu anayenyonya muwa. Nikaingiza mkono. Vidole vyangu vikakuta kibomba cha shaba kimechomekwa pale, kimefungwa waya mwembamba, ukazungushwa mara mbili na ncha ikakunjwa ndani isimchome mtu. Hakuna fundi mwingine Rodi anayefunga waya hivyo. Ulinipiga konzi mpaka nikajua kuufunga namna hiyo.

Kwa kibomba hicho kulikuwa na mpira mweusi. Niliufuata. Ulipita pamoja na waya za taa, ukaingia ndani ya gari, ukapita chini ya kapeti, ukaishia chini ya kiti cha dereva. Hapo ulikuwa umeweka koki ndogo ya jiko la gesi. Mkono wake ulikuwa unang'aa kwa kushikwa. Ilikuwa wazi.

Nikaifunga kwa vidole viwili, na injini ikatulia.

Sijawahi kusikia kitu kibaya kama kule kutulia kwake. Nikafungua, ikatetemeka. Nikafunga, ikatulia. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi, kama mjinga, nikitumaini mara moja ikosee. Halafu nikakaa kwenye hicho kiti, mlango wazi, miguu nje, na nikaona kila kitu tena kutoka upande wako. Mgongo wangu bila shati kwenye mvua. Mke wangu kwenye nguzo. Kanyaga, acha, kanyaga, acha.

Na nikuambie jambo ambalo wewe unalijua lakini wao hawalijui. Hewa ya namna hiyo inasumbua gari ikiwa imesimama. Ukikanyaga mafuta ukaondoka, injini inaisahau. Hata kwa koki kuwa wazi, hiyo pikapu ingetufikisha Homa Bay, na barabara yenyewe inateremka. Ungeiacha tu itoke getini. Kwa hivyo hukutaka hata tujaribu, ukaleta habari za matope.

Mama Rosa alikuwa amekuja na chai, akanikuta nimekaa hapo. Aliangalia mkono wangu ulipokuwa, akaweka kikombe chini. Hakujifanya hajui, na kwa hilo namheshimu. Aliniambia habari ya yule mwanamke mzee aliyekufa ndani ya gari yako mkiwa njiani, kabla mimi sijaja kwako, na vile watu wake walivyosema ulienda polepole makusudi, na vile ulivyohangaika kutakasa hiyo gari, na vile ulivyokuwa huwezi kulala. Uliapa hutabeba mgonjwa tena. Lakini kukataa hukuweza, wewe mtu wa kanisa, mtu wa watu. Alinieleza maneno yako mwenyewe: "Nikisema hapana, watasema nina roho mbaya. Gari ikisema hapana, watasema pole."

Yawa, jamani Ogola. Ulipata pole ngapi kwa ujanja huo? Mimi nilikupa yangu. Nikiwa nimelowa, nimemshika mke wangu, nilikugeukia nikakuambia pole kwa gari.

Nimejaribu kukuelewa. Hofu naijua. Kama ungenivuta kando ukaniambia, Owuor, naogopa, mwanamke mwingine alinifia humu ndani, mimi siwezi, chukua ufunguo uendeshe wewe, ningeuchukua na ningekupenda zaidi ya nilivyokupenda. Nilikuwa najua kuendesha. Wewe ulinifundisha. Ila uliona aibu ya kusema "naogopa" ni kubwa kuliko mtoto wangu. Na hata hilo, pengine, mtu anaweza kulimeza akisaidiwa na Mungu. Hofu inashika mtu ghafla. Lakini baadaye je? Ulikuja kwangu umetulia, umekunywa chai yangu, ukapita karibu na kale kakaburi, na ulipoulizwa ukachagua kitu chenye jina, kitu ambacho fundi mwangalifu angekiona, ukanikabidhi. Ulinipa mimi kosa lako nilibebe. Ukaniona nahama nalo. Kila Krismasi nilipokuja kukusalimia na sukari na majani ulikuwa unaniona nimelibeba, na unaniuliza habari za Migori.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu mpaka ikafika kaburini, na gari ikakataa kukubeba kwa sababu mara ya mwisho uliyomkataa mtu hukupata nguvu ya kurudi kuifunga koki. Wazee wanadhani ilikuwa inakulilia. Sijawasahihisha.

Nilirudi nyumbani na hilo jambo nikalikalia. Nilitaka nimfiche Atieno. Nilijiambia ana mimba, asisumbuliwe, na kwamba mtu akishakufa ameshakufa. Halafu juzi akaamka akicheka, akaniambia umemjia tena, na safari hii ulitaja jina lako kwa mdomo wako. Nikamwona anavyoshika tumbo lake kwa ajili yako. Nikaona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimejifunza kwako hata hilo.

Nilimwambia jana asubuhi. Alikuwa anachambua mboga. Nilimweleza yote, kibomba, mpira, koki, maneno ya Mama Rosa. Hakulia. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hajanisikia, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo nilipokuwa pale barazani, yeye alikuwa ameikalia?"

Nikamwambia ndiyo.

Aliweka mboga chini. Halafu akasema, "Mwambie asinijie tena. Mwambie wewe, mimi sitaki kuongea naye." Na kabla hajasimama alinishika kichwa kwa mikono yake yote miwili, bado ina maji ya mboga, akasema, "Na wewe ulikuwa fundi mzuri." Miaka yote hii nilikuwa nangoja mtu aniambie hivyo bila kuongeza jina lako. Nililia kama mtoto, na siyo kwa ajili yako.

Basi ndiyo nakuambia. Usimjie.

Kibomba nimekitoa, tundu nimeliziba na bolti, na nimeizungusha mpaka spana ikanililia mkononi. Pikapu yako haimisi tena. Mama Rosa amenipa ufunguo, na nimerudi kukaa huku, Migori nimeiaga. Nimewaambia watu wa kwetu kwamba mwenye mgonjwa aje, mchana au usiku, na wameanza kuja. Nikiogopa nitasema naogopa, na mwingine ataendesha.

Siku ya Atieno ikifika nitampakia mbele, kando yangu, na nitampeleka Homa Bay mwenyewe. Na huyu akitoka atalia, namwomba Mungu alie kwa nguvu. Akilia bila kunyamaza, mama yangu atafanya vile inavyofanywa, atakaa naye na kuita majina ya wafu wetu moja moja, babu, shangazi, wote, mpaka asikie lake atulie. Nimeshamwambia mama majina ya kuita. Lako halimo. Nakuahidi hilo, Japuonj, na mimi nikiahidi unanijua. Hata alie mpaka kukuche na majina mengine yote yaishe, hatutakuita.

Lala huko ulipo.

Owuor